Lau Tungalifunga

Msimu wa timu ya vijana ukiisha vibaya, kauli mbili hupokezana barazani. Moja ni "ndivyo Mungu alivyopanga". Ya pili huanza na "lau": lau tungalifunga ile penalti, lau kocha asingalimtoa yule kiungo. Makorora, jijini Tanga, maneno haya husikika baada ya swala ya Isha, muuza kahawa anapopita akigonga vikombe na watu wakisogea kumpa nafasi. Mtu yuleyule huyasema yote mawili kabla hajamaliza kikombe chake. Lakini kauli hizo zinavutana. Kama yote yamekwisha kupangwa, "lau" haina kazi. Na kama "lau" ina maana, basi yuko aliyekosea, naye anapaswa kujulikana.

Tanga haikujifunza swali hili vitabuni. Msimu wa 2015/16, kati ya timu 16 za Ligi Kuu ya Tanzania Bara, tatu zilitoka mkoa huu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Timu tatu zilishuka daraja msimu ule, na zilikuwa hizohizo tatu. Mkoa uliotoa bingwa wa nchi mwaka 1988, Coastal Union, ukakaa misimu miwili bila timu hata moja ya Ligi Kuu. Hayo yalikuwa maumivu ya watu wazima, na mtu mzima ana namna zake za kuyabeba: amewahi kupoteza kabla, na anajua ligi hurudi. Mchezaji wa miaka kumi na sita hana kumbukumbu hiyo. Msimu wake mbaya wa kwanza ndio mfano pekee alio nao wa kushindwa, na atakachoambiwa na wakubwa wake siku zile kitakaa naye muda mrefu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17. Aprili 2019 Tanzania iliandaa fainali za Afrika za umri huo jijini Dar es Salaam. Kufika nusu fainali kulitosha kuipa timu tiketi ya Kombe la Dunia la vijana nchini Brazil, na nchi nzima ilikuwa imeshajihesabia tiketi hiyo. Mchezo wa kwanza ulikuwa na mabao tisa: wenyeji walifunga manne, Nigeria watano. Siku chache baadaye Uganda waliwafunga 3–0, kisha Angola 4–2. Mechi tatu, pointi sifuri, mabao 12 yaliyoingia kwa sita yaliyotoka. Vijana waliokuwa wakiimbiwa majina wiki moja nyuma wakaondoka kwenye mashindano yaliyokuwa yakiendelea nyumbani kwao.

Miaka miwili kabla, mwaka 2017, timu ya umri huo ilikwenda kwenye fainali hizo nchini Gabon ikarudi na hadithi nyingine. Ilitoka sare ya bila kufungana na Mali, walioishia kuwa mabingwa, ikaifunga Angola 2–1, kisha ikafungwa 1–0 na Niger. Tanzania na Niger wakalingana kwa pointi nne, na kwa kuwa Niger walishinda walipokutana, wao ndio waliosonga mbele. Sare ingaliitosha Tanzania. Bao moja lilitenganisha kizazi kilichosifiwa kwa ushujaa na kizazi ambacho kingaliingia nusu fainali. Zaidi ya hapo, vijana hao walikuwa wametolewa na Kongo-Brazzaville kwenye mchujo. Walirudishwa mashindanoni kwa sababu Kongo hawakumpeleka mchezaji aliyelalamikiwa umri akapimwe. Walifika Gabon kwa jambo lisilokuwa mikononi mwao, na wakatoka kwa tofauti ndogo kupita kiasi. Mwanafalsafa wa Uingereza Bernard Williams, na Mmarekani Thomas Nagel, waliandika mwaka 1976 juu ya tatizo hili hili: watu husifiwa na kulaumiwa kwa matokeo, ilhali sehemu kubwa ya matokeo haimo katika uwezo wao.

Huzuni ya msimu haipimwi kwa mabao. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya mpira wa magongo kwenye Olimpiki ya Moscow, mataifa mengi yenye nguvu katika mchezo huo yalipokuwa yamesusia. India iliwafunga 18–0. Katika mechi tano za hatua ya awali waliruhusu mabao 54 na kufunga matatu. Kwa hesabu kavu, hakuna timu ya Serengeti Boys iliyowahi kuadhibiwa namna hiyo. Lakini kinachokumbukwa nchini kutoka Moscow ni medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na magongo hayakuacha kidonda, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameweka matumaini pale. Anayevunjika moyo ni yule aliyekuwa ameuinua. Kwa hiyo anayeutazama msimu nyuma anapaswa kuuliza kwanza matumaini yale yaliwekwa na nani, na kwa msingi gani. Mara nyingi watoto huadhibiwa kwa ahadi zilizotolewa na wakubwa.

Kauli ya kwanza ya barazani, ile ya mpango wa Mungu, ina mizizi mirefu. Wanazuoni wa mwanzo wa Uislamu waligawanyika: wapo waliosema mja huumba matendo yake mwenyewe, na wapo waliosema mja ni kama unyoya upepeani. Abul Hassan al-Ashari, katika karne ya 10, alishika njia ya kati: Mungu ndiye muumba wa tendo, na mja ndiye mwenye kulichuma, kwa hiyo linaandikwa kwake. Hii ndiyo njia iliyokaa pwani ya Waswahili pamoja na madhehebu ya Shafi. Lakini lililo wazi kuliko hoja za wanazuoni hao ni kisa cha Khalifa Omar. Alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari za tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar alijibu kwamba anaikimbia kadari kuiendea kadari nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bondeni penye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, atawalisha kwa kadari ya Mungu. Ngamiani, mtaa wa Tanga uliobeba jina la mnyama huyo, hauko mbali na Makorora, na mfano huu ungeeleweka pale bila kufafanuliwa. Mchunga anayewapeleka ngamia upande mkavu hawezi kujificha nyuma ya kadari wakati wanapokonda. Vivyo hivyo, timu iliyofanya mazoezi wiki mbili ikicheza na timu iliyofanya mwaka mzima haikuonewa na majaaliwa.

Kauli ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo dini inaonekana kuukataza kabisa uchambuzi wa mpira. Iko hadithi katika Sahihi Muslim inayomtaka muumini ajibidiishe kwa yenye kumfaa, amwombe Mungu msaada, asilegee. Kisha akipatwa na jambo asiseme lau angalifanya hivi au vile, maana neno hilo humfungulia Shetani kazi yake. Kocha anayekaa na vijana wake kuangalia marudio ya mechi anasema nini basi, kama si "lau"?

Sarufi ya Kiswahili inasaidia kuliona tatizo. Kiswahili sanifu kina kiambishi cha jambo lililopita bila kutendeka, nacho ni -ngali-. "Tungefunga" bado inaacha nafasi. "Tungalifunga" imeshafunga hesabu, hakuna tena. Mazungumzo ya mtaani huchanganya viambishi hivi, lakini tofauti iko moyoni mwa msemaji. Na Mtume mwenyewe, katika Hija ya kuaga, alisema kwamba lau angalijua mwanzo aliyoyajua baadaye asingalikuja na wanyama wa kuchinja. Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye ni nguzo ya madhehebu ya Shafi, alizipatanisha hadithi hizi: kinachokatazwa ni "lau" isiyo na faida, ya kushindana na lililokwisha kupita, lakini anayesikitikia jema lililompita hana ubaya. Mpaka huo ni mwembamba lakini unaonekana. Kuna "lau" inayomrudia mtu usiku akiwa kitandani, ikimwonyesha mpira uleule ukipaa juu ya mwamba uleule, na asubuhi hajapata chochote. Kuna nyingine inayoishia kwenye uwanja wa mazoezi: mguu wa kushoto ulikuwa dhaifu, kwa hiyo tutaanza nao.

Jioni kwenye vichochoro vya Makorora jambo hili linaonekana kwa macho. Goli limechorwa ukutani kwa mkaa. Mtoto anaweka mpira wake wa matambara na kamba hatua chache kutoka ukutani, anapiga, unagonga nje ya mstari wa mkaa. Anaufuata, anaurudisha palepale, anapiga tena. Hasemi neno. Hiyo ni "lau" iliyo halali, imegeuzwa kuwa mguu.

Njia kamili kuliko zote za kuutazama msimu nyuma imo katika Ihya, kitabu cha Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ghazali anaichukulia nafsi kama mshirika wa biashara. Asubuhi huwekewa masharti, mchana huangaliwa, jioni hufanyiwa muhasaba, yaani hesabu, kama wafanyabiashara wafanyavyo wakifunga duka. Katika hesabu hiyo anatenganisha mtaji na faida. Mtaji ni faradhi. Faida ni sunna na nyongeza. Hasara ni dhambi. Muuza duka yeyote wa Tanga anajua tofauti hii bila kusoma Ihya. Siku isiyo na faida si siku ya kufilisika, ila mtaji ukiguswa.

Timu ya vijana ikiwekwa kwenye daftari hilo, vikombe na tiketi za Brazil huanguka upande wa faida. Mtaji ni vijana wenyewe: afya ya magoti yao, shule yao, ukweli wao, na hamu yao ya kurudi uwanjani. Kwa kipimo hiki, 2019 ulikuwa msimu usio na faida, na inawezekana kabisa mtaji ulibaki salama. Msimu ulioula mtaji ni mwingine. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamekwisha kufuzu fainali za Afrika nchini Gambia, wakaondolewa kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe waliyokuwa wameitoa ikachukua nafasi yao. Uwanjani walishinda. Waliokuwa na umri halali walipoteza kila kitu kwa kosa lisilokuwa lao, tena wakafundishwa na wakubwa kwamba cheti cha kuzaliwa ni kitu cha kuchezewa. Ugonjwa huu si wa Tanzania peke yake: Guinea, waliofika fainali hapo Dar es Salaam mwaka 2019, walinyang'anywa nafasi yao ya Brazil kwa sababu hiyohiyo.

Zaidi ya kauli zile mbili za barazani kuna maelezo ya tatu yanayotolewa kimyakimya, nayo ni ya uchawi. Katika soka la Tanzania "kamati ya ufundi" ni jina la heshima kwa watu wanaoshughulikia waganga, na Tanga imebandikwa sifa hiyo kuliko inavyostahili. E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 juu ya Wazande wa mpaka wa Sudan na Kongo, alieleza kwa nini maelezo ya namna hii hayafi. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo za ghala; anachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile watu wale walipokuwa wamekaa chini yake. Shabiki naye anajua beki aliteleza. Anauliza kwa nini ateleze dakika ile. Swali ni la kibinadamu kabisa, lakini jibu la uchawi lina gharama kubwa kwa vijana, kwa kuwa linamtafuta adui, na adui huyo mara nyingi hupatikana ndani ya timu: yule kipa mpya, yule aliyekataa kuoga dawa.

Epiktetos, Mgiriki aliyezaliwa mtumwa katika karne ya 1, alitumia mchezo wa mpira kueleza namna ya kuyachukulia yasiyo mikononi mwa mtu. Wachezaji hodari, alisema, hawabishani kama mpira ni kitu chema au kibaya. Shauku yao yote iko katika kuutupa na kuudaka. Mpira hauwahusu, lakini namna ya kuucheza inawahusu kabisa. Maneno haya hukaribiana sana na tawakali inavyofundishwa madrasani: jitihada ni ya mja, matokeo ni ya Mola.

Baada ya hesabu, Ghazali anaweka kuitia nafsi adabu, kisha kuisukuma ijitahidi upya. Hapa watoto wana hukumu yao. Katika fikihi kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na aliyebaleghe jana hahesabiwi uzoefu wa mtu wa miaka arobaini. Kwa hiyo mpangilio wa daftari unageuka: viongozi na walimu wa timu ndio wa kwanza kuhesabiwa, mbele ya vijana wenyewe na kwa sauti wanayoisikia. Maandalizi yalianza lini, nani alichaguliwa kwa kujuana, nani aliahidi nusu fainali. Yakishasemwa hayo ndipo kijana naye anaulizwa juu ya mguu wake wa kushoto, na ndipo "ndivyo Mungu alivyopanga" hupata mahali pake, kwa yale yaliyobaki baada ya kila mmoja kutaja lake: mpira uliogonga mwamba, mvua ya kipindi cha pili, bao moja la Niger.