Utamu wa "Habali"

Mwanangu alipoanza kusimama dede hapa Geita, nyumba nzima ilishangilia. Alipoanza kunena, shangwe ilizidi. Haukupita muda akawa anakaa mlangoni kila asubuhi na kumwamkia kila apitaye: "Habali!" Sisi wazazi wake, wazaliwa wa visiwani, tukicheka hadi machozi na kumwomba arudie, naye akirudia kwa ukarimu wa asiyejua kuwa anachekwa.

Utamu huu watoka wapi? Wahenga walisema, ukipenda, chongo utaita kengeza. Yamkini basi mapenzi yametuziba masikio. Lakini msikilize mtoto vyema. Siku moja alitaka nimkaribie, akaniamuru: "Kuja!" Hakuna nyumbani mwetu aliyepata kusema hivyo. Alikwisha kusikia "kula!" na "kunywa!", akapima, akaunda la tatu kwa kipimo kilekile. "Njoo" ndilo livunjalo kanuni, yeye aliishika. Mapenzi, basi, hayakutuziba masikio. Yalitufanya tusikilize hadi tukaiona akili iliyomo ndani ya kosa.

Katika mji huu, ambao dhahabu imewaleta watu wa kila ulimi, hutujia mama mmoja mwenyeji wa Shinyanga akiuza mchele. Asubuhi moja alibisha hodi akasema, "Habali za hapa?" Nikacheka. Naye akatabasamu, akapima mchele, akaenda zake. Tangu siku ile, akifika kwangu hutaja bei tu.

Sauti ni ileile. Kwa mwanangu niliiita utamu, kwake nikaiita kosa. Kisukuma, lugha aliyolelewa nayo, hakina r katika sauti zake za asili. Ulimi wa huko huipokea r kama mgeni aliyechelewa kufika. Mama yule ana Kisukuma chake kizima, na Kiswahili juu yake. Mimi sijavuka "mwangaluka" ya kuamkiana asubuhi. Ni nani kati yetu mwenye ulimi mzito?

Atasema msomaji kwamba mtoto yu njiani na mtu mzima amekwisha kufika, na kwamba lugha isiyolindwa huharibika. Kweli, mshairi hawezi kufanya "la" na "ra" kina kimoja. Lakini kusahihisha ni jambo moja, na kudharau ni jingine. Nasi watu wa pwani twalijua jeraha hili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mtoto wa Mvita au wa Lamu, ambaye mamaye alimwita kwa "ndoo", alifundishwa darasani kuwa neno hilo si sahihi. Hakika mamaye hakukosea.

Naamini, basi, kwamba furaha ya mzazi ni mtihani. Ikiwa twaweza kumsikiliza mtoto kwa masikio yanayotafuta akili kabla ya kutafuta kosa, masikio hayo tunayo, na tukiwanyima wengine tumewanyima kwa hiari yetu.

Jana mama wa mchele alipofika, mwanangu alimkimbilia akiita "Mayu!", neno la Kisukuma la kumwita mama, ambalo hakulipata kwangu. Nami nikajikaza nikasema: "Mwangaluka, mayu." Alicheka hadi akautua mzigo wake chini. Kisha akaniomba nirudie.