Wanga, Sahani na Amana ya Mwili

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Siku hizi katika hosteli za Kikoni na Wandegeya husikii ila "mimi nimeacha wanga." Mmoja hagusi posho. Mwingine ameapa hatakula matoke mpaka harusi ya dada yake ipite. Wa tatu hushinda na njaa, usiku akala tango na maji. Muhula ukifika katikati utamkuta maktaba anatetemeka, kitabu kiko wazi na macho hayasomi. Mwili huo ni amana, na akili uliyotumwa na wazazi kuja kuinoa hapa nayo inakaa humo humo.

Tumsikilize Sahl bin Saad (r.a.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba aliulizwa iwapo Mtume (s.a.w.) aliwahi kula mkate wa unga mweupe. Akajibu kuwa Mtume hakuuona unga huo tangu alipopewa utume mpaka alipofariki. Chekeche hawakuwa nazo. Shayiri ilisagwa, ikapulizwa, makapi yaliyoruka yakaruka, na kilichobaki kikalowekwa maji wakala.

Wanga basi waliula. Shayiri ni wanga na tende ni wanga. Tofauti na sisi ni kwamba pumba kwa sehemu kubwa zilibaki ndani ya unga, na matumbo hayakujazwa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa watu wa nyumba ya Mtume hawakushiba mkate wa shayiri siku mbili mfululizo mpaka alipoondoka duniani. Sisemi kwamba walikuwa wakipunguza uzito. Ile ilikuwa zuhudi, na mara nyingi ilikuwa uhaba. Lakini mwenye kutafuta mfano wa sahani ana pa kuanzia.

Posho yetu hutokana na mahindi yaliyokobolewa, pumba na kiini vikaondolewa. Kinachobaki husagika upesi tumboni, huwa sukari upesi katika damu, na saa mbili baadaye unatafuta mandazi. Unga usiokobolewa, ule ambao jirani zetu wa Tanzania huuita dona, hukaa zaidi kwa sababu ya nyuzinyuzi zake. Kalo ya wimbi nayo ni hivyo hivyo, na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda. Na maharage! Wanafunzi huyadharau kwa kuwa yapo kila siku, kumbe yana wanga unaosagika polepole pamoja na protini. Punguza posho iwe ngumi moja, ongeza upawa wa maharage, jaza dodo au kabichi upande uliobaki. Humo hamna gharama mpya.

Wengine wanalaumu wanga kwa kosa la mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani hayana hatia. Mchuzi wa karanga uliomwagwa juu kama mafuriko ndio wa kuulizwa. Rolex na kikomando sikukatazi, lakini chapati ile ni unga mweupe uliokunywa mafuta, na ukila mbili usiku wa manane kisha ukalala, usimtukane mkulima wa ndizi. Chai nayo tuihesabu: vijiko vinne vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 50. Soda moja ya mililita 500 hufika huko huko kwa mkupuo mmoja.

Anayeacha wanga ghafla huona mizani imeshuka wiki ya kwanza, akashangilia. Sehemu kubwa ni maji, kwa kuwa mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, na akiba ikiisha maji nayo hutoka. Siku akila wali hurudi, naye hukata tamaa. (Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo asichukue maneno ya khatibu, aende kwa daktari.)

Mtume (s.a.w.) ametuelekeza, katika hadithi ya Miqdam aliyoipokea Tirmidhi, kwamba asiyetosheka na matonge machache agawe tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Kipimo hicho hakihitaji mizani.

Mazoezi je? Wapo wanaosema swala inatosha. Swala ni ibada, msiigeuze jimnastiki. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda. Dada anayeona haya kukimbia barabarani afunge mlango wa chumba: kuchuchumaa na kuinuka, kamba ya kuruka, pushapu kwa kuegemea ukuta, ngazi za hosteli. Dakika 30 kwa siku tano za wiki hufikisha 150, ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima.

Na ninyi mnaowapa wenzenu majina ya utani kwa unene wao kwenye foleni ya chakula, rudini kwenye Suratul Hujurat, aya ya 11. Dada niliyemtaja wa tango na maji hakuanza kwa kusoma kitabu cha lishe. Alianza kwa kuchekwa.

Limebaki swali ninaloulizwa kila Ijumaa: je, nikifunga Jumatatu na Alhamisi ili nipungue? Ukinuia ibada, na mwili ukanufaika, hiyo ni fadhila juu ya fadhila. Ukinuia kiuno peke yake, umeshinda na njaa tu, usiihesabu saumu. Na aliyenuia vizuri asiache daku, maana Mtume ameihimiza na kusema ina baraka. Uji wa wimbi usio na sukari nyingi, yai na ndizi moja vinatosha, naye atafika maabara mchana akiwa na nguvu za kusimama. Wallahu aalam.