Mti Uliogeuka Jiwe
Andiko: Ezekieli 36:26

Nilipotembelea Mbuga ya Sibiloi, kule jangwani mashariki mwa Ziwa Turkana, niliona magogo ya zamani sana yamelala chini. Ukiangalia, ni mti kabisa. Hata nyuzi za mbao zinaonekana. Ukigusa, ni jiwe! Haukugeuka kwa siku moja. Ulifukiwa, maji yenye madini yakapenya pole pole, madini yakachukua nafasi ya mbao. Umbo likabaki.

Hapo Roho akanishika. Ndugu yangu alikopa pesa kwangu, hakurudisha. Miaka mitatu sikushika simu yake, na kila Jumapili niko madhabahuni nimeinua mikono. Umbo la mtumishi, ndani jiwe. Mimi mtu wa hesabu, deni lake nililiandika. Langu alilolipa Yesu nikalisahau.

Gogo la Sibiloi halitachipuka tena. Lakini moyo wa jiwe, Mungu ameahidi kuuondoa na kutupa wa nyama. Tulipofika penye mtandao, nikampigia. Tulilia sote.

Mpendwa, ni simu ya nani hushiki? Mpigie leo. Amina.