ALIYEKETI NYUMA

Somo: Mwanzo 12:1-20, Waebrania 11:8-11



Sote twazijua habari za Ibrahimu, baba wa imani. Aliitwa na Mungu, akatoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, wala hakujua aendako. Lakini katika msafara ule alikuwamo mtu ambaye twampita upesi, yaani mkewe Sara, ambaye wakati ule aliitwa Sarai. Yeye alikuwa na miaka 65, maana Mwanzo 17:17 yatuonyesha kwamba mumewe alimzidi miaka kumi. Ikiwa Ibrahimu alikwenda bila kujua aendako, basi Sara alifuatana na mtu asiyejua aendako. Mwito aliusikia mume. Safari wakaenda wote wawili.

Mimi nimeketi kiti cha nyuma cha pikipiki kwa miaka mingi, kwa hiyo jambo hili nalifahamu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulisafiri hivyo kutoka Dodoma mpaka Iringa, kwenye arusi ya mtoto wa ndugu yake. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 260. Barabara yateremka katika nchi ya mibuyu mpaka bwawa la Mtera, katika mto Ruaha Mkuu; halafu, ukiisha kuipita Migoli, yaanza kupanda kona kwa kona katika mlima wa Nyang'oro. Tulipofika, watu walimpa pole mwendeshaji, wakamwuliza habari za njia. Aliyeketi nyuma hakuulizwa neno. Nami nataka kuweka mbele yenu mambo matatu yanayoonekana vizuri kutoka kiti kile.

1. Aliyeketi nyuma si mzigo.

Mzigo hufungwa kwa mpira, ukatulia. Lakini mtu aliyeketi nyuma anayo kazi. Pikipiki ikiinama katika kona, naye huinama pamoja nayo. Akikakamaa au akijivuta upande wa pili, huwahatarisha wote wawili. Tena huviona vitu ambavyo mwendeshaji havioni. Tulipokaribia Fufu niligeuka nikaona mpira umelegea, na begi la nguo za arusi limeanza kuteremkia gurudumu la nyuma. Mume wangu asingeweza kuliona, kwa kuwa macho yake yalikuwa mbele, kama ilivyompasa. Nikampiga bega, akasimama, tukafunga upya.

Ndivyo ilivyo katika nyumba zetu. Mmoja hutazama mbele, mwingine huona kinacholegea: akiba inayopungua, mtoto aliyeacha kusema na wazazi wake, sala ya jioni iliyosahauliwa. Mungu hakumpa Ibrahimu mzigo wa kubeba mpaka Kanaani. Alimpa mwenzi wa safari, na Waebrania 11:11 yamtaja Sara kwa imani yake mwenyewe.

2. Kuamini si kunyamaza.

Baada ya Mtera jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimemshika mume wangu kiunoni, nikahisi mgongo wake unalegea na kichwa kinashuka kidogo kidogo. Aliyeketi nyuma huujua uchovu wa mwendeshaji kabla mwenyewe hajaukiri. Nikasema, "Baba, simama." Akanijibu, "Iringa si mbali, mama." Nikasema mara ya pili, "Simama, baba, unasinzia." Akasimama Migoli, akanywa maji, akalala kivulini karibu saa nzima. Ndipo tulipoupanda mlima, malori yakiteremka kutukabili, naye akiwa macho kabisa.

Wako wanaofikiri kwamba mke mwenye imani ni yule asiyesema kitu. Wasome Mwanzo 21:11-12. Sara alisema neno lililomhuzunisha Ibrahimu sana, na Mungu mwenyewe akamwagiza mume amsikilize mkewe. Ndugu zangu akina baba, nyumba nyingi zimeanguka, si kwa sababu mke hakuona hatari, bali kwa sababu alipoiona hakuwa na ruhusa ya kusema. Aliuona mkopo, aliiona pombe, aliiona karo ikitumiwa kwa mambo mengine. Nasi akina mama tusinyamaze kwa hofu, kisha tukaiita hofu hiyo utii. Tuseme kwa heshima, tena mapema, kabla ya kona.

3. Anayeshika usukani ataulizwa habari za aliyeketi nyuma.

Tazameni barabarani. Mume amevaa kofia ngumu; mkewe nyuma amejifunga kitenge kichwani, na mtoto yuko katikati kichwa wazi. Wataalamu waliochunguza ajali wameona kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 40 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Lami haichagui kati ya aliye mbele na aliye nyuma. Kabla hatujaondoka, mume wangu alichukua fedha alizoweka kwa viatu vipya, akaninunulia kofia ya pili. Arusini alikwenda na viatu vyake vya zamani.

Sasa turudi kwa Ibrahimu. Njaa iliposhika nchi, alishuka Misri. Akaogopa kwamba watamwua kwa ajili ya uzuri wa mkewe, akamwambia aseme kwamba yeye ni umbu lake. Sara akachukuliwa nyumbani kwa Farao, na mumewe akapewa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Siku ile baba wa imani alijivika kofia peke yake, akamwacha mkewe kichwa wazi. Biblia haifichi jambo hili. Tena katika habari ile yote hatusomi neno hata moja kutoka kinywani mwa Sara. Lakini Mungu alimwona. Aliipiga nyumba ya Farao kwa ajili yake, hata akarudishwa. Aliyemwita mwenye kuongoza safari ndiye amlindaye na aliye nyuma yake. Ahadi ilikuwa ya wote wawili.

Basi, ndugu yangu, kofia iko kichwani mwa nani nyumbani mwako? Shamba mmelilima pamoja miaka ishirini, nalo limeandikwa jina moja tu. Wosia haujaandikwa. Siku ya msiba ndugu wanakuja, na kabla ya matanga kwisha mjane anaambiwa afungashe vyake. Tumeyaona haya hata kwa Wakristo waliofunga ndoa mbele ya altare. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke wa Tanzania haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Haifai sheria ya nchi imkumbuke mke, na mumewe amsahau.

Kwa hiyo yatupasa kutenda, wala si kusikia tu. Mke na aseme anachokiona. Mume na asimame anapoambiwa, maana nusu saa ya kivuli haijamkawiza mtu kufika mbinguni. Na kabla ya kununua kitu kingine, inunuliwe kofia ya pili: ile ya barabarani, na ile ya karatasi yenye majina mawili.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyetembea na Ibrahimu wala hukumwacha Sara, uwaangalie wote wasafirio wawili wawili katika njia za dunia hii. Uwape walio mbele masikio ya kusikia, na walio nyuma ujasiri wa kusema. Uwakumbuke wajane waliotolewa katika nyumba walizozijenga, uwainulie watetezi. Utufikishe sote salama katika mji ule ulioujenga wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.