Udongo wa Kuchagua

Somo: Mathayo 13:1–9



Mpanzi wa mfano wa Yesu alilikuta shamba jinsi lilivyo: njia imekwisha kanyagwa, mwamba uko chini, miiba imeshatangulia. Mama wa Kibera anayepanda sukuma wiki kwenye gunia hana shamba la kukuta. Ana gunia tupu mlangoni, na chochote kitakachoingia humo atakitia mwenyewe.

Ndiyo maana huchagua. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Nairobi umejaa, ukitiwa peke yake hushika maji hadi mizizi ikakosa hewa, na ukikauka hupasuka. Mchanga mtupu nao hauweki maji wala rutuba. Basi huchanganya: madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi, moja la mchanga. Katikati husimamisha nguzo ya kokoto kwa kopo lisilo na kitako, akilivuta juu kadiri gunia linavyojaa, ili maji yafike mpaka chini.

Samadi lazima iwe imeoza. Ikiwa mbichi huunguza miche, ingawa ni chakula kile kile ambacho baadaye kingeinenepesha. Hapa naliona kanisa letu. Kijana ameokoka juzi, leo tumemkabidhi uongozi, kesho tunamkemea kwa kulegea. Tulichompa kilikuwa chema, ila hatukukisubiri kiive.

Lakini linalonisumbua zaidi ni udongo wa kuokota kando ya barabara kuu, kwenye gereji au jalalani. Unaweza kuwa na madini ya risasi, na mboga zikaota humo kijani kibichi, majani mapana, za kupendeza sokoni. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua ardhini ingalipo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua.

Mtoto naye anaweza kustawi machoni petu, amevaa nadhifu, anaimba kwaya, na huku nyumbani kila siku anasikia baba akimdharau mama, au jirani akitukanwa kwa kabila lake. Hayo yanamwingia. Hatuwezi kusema shamba lilikuwa baya, maana gunia sisi ndio tuliolijaza.

Hata hivyo gunia hufunguliwa, udongo mbaya ukatolewa, likajazwa upya, na Bwana hajawahi kumkatalia mzazi anayetaka kuanza tena. Wazazi, na ninyi walimu wa shule ya Jumapili, jioni ya leo kaeni na watoto muwaulize wanasikia nini nyumbani. Wakiwajibu, msiwakatize.