Ramli na Hesabu ya Jiwe

Huko Nyamongo, wilayani Tarime, mchimbaji mdogo aokotapo mwambani chembe ing'aayo kwa unjano huiweka juu ya jiwe akaigonga kwa nyundo: ikitandaa kama jani ni dhahabu, ikipasuka vipande ni pairiti, yaani chuma na salfa vilivyoshikamana. Siku nilipomweleza mzee mmoja wa kazi hiyo kwamba wako wataalamu ambao, pasi na kushika nyundo wala kuliona jiwe lenyewe, huhesabu kwa kompyuta kadiri madini yatakavyopinga kubonyezwa, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hiyo si ramli?” Swali lake nimelibeba tangu siku ile, kwa kuwa anayedai kuyajua yaliyositirika hudai jambo zito mbele ya Mola, aliye peke yake Mwenye ilimu ya ghaibu.

Hesabu hiyo ina msingi wake: mwaka 1964 wanafizikia Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba nishati ya elektroni, zikiwa katika hali yao ya chini kabisa, hutegemea jinsi zilivyosongamana mahali hata mahali. Na mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham wakaonyesha namna ya kuikokotoa. Basi fuwele, ambayo atomu zake zimejipanga safu kwa safu, huandikwa ndani ya kompyuta, ikavutwa au kupindwa kidogo, pengine chini ya asilimia 1, na kadiri nishati yake inavyopanda ndivyo ugumu wake ujulikanavyo. Dhahabu ikibanwa pande zote hupinga kwa gigapaskali zaidi ya 170, ilhali maji hupinga kwa 2 na kidogo. Lakini tabaka zake zikisukumwa kwa ubavu hupinga kwa 42 hivi tu, na pengo hilo ni mojawapo ya sababu za kutandaa kwake chini ya nyundo. Kitu kilicho laini hivyo kwa mfua vipuli, kumbe kikibanwa ni kigumu kiasi hicho! Nilistaajabu.

Nionavyo mimi, ghaibu ni lile lisilo na njia ya kuliendea, na hesabu hii ni njia ambayo kila hatua yake yaweza kurudiwa na mtu mwingine. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba moto na kuungua kwa pamba vimefungamana kwa ada aliyoijaalia Mwenyezi Mungu, wala si kwa lazima iliyomo motoni. Na mwenye kompyuta naye huitegemea ada hiyohiyo. Tena hesabu hukubali kuhukumiwa na jiwe, jambo ambalo mpiga ramli halikubali kamwe: njia moja ya makisio huipa dhahabu ugumu uliozidi, nyingine huushusha hadi karibu 140, na ni mawimbi ya sauti yapitishwayo katika dhahabu yenyewe yaonyeshayo kosa na kiasi chake.

Kwani sauti hukimbia ndani ya jiwe kwa kadiri ya ugumu na uzito wake. Kwenye majabali ya Moru, katika mbuga ya Serengeti, liko jiwe la itale lenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa, ambalo ukilipiga kwa kijiwe hulia kama kengele. Fuwele ya kwenye kompyuta haina ufa. Lile lina chembe za kila namna zilizobanana, nalo ukiligonga hapa hutoa mlio huu, ukisogea hatua moja ukaligonga tena hutoa mwingine.