Ufa Niliouhariri

Picha ile niliipiga Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 2019: mlango wa nakshi wenye njumu za shaba, na kando yake ukuta uliobambuka chokaa hadi mawe ya matumbawe yakaonekana. Niliporudi London nikaihariri. Nilizidisha giza la vivuli ili ufa ujitokeze, nikakoleza manjano ya chokaa, kisha nikakata upande wa kushoto, palipokuwa na mita ya umeme na kanga zilizoanikwa. Nilijiambia kwamba naondoa vurugu tu.

Shangazi alipotutembelea alisimama mbele ya picha ile kitambo. Juu ya mlango hakusema kitu. “Ukuta huu unakunywa maji,” alisema. “Wenyewe wamehama?”

Hawakuhama, niliwahamisha mimi, kwa kidole.

Sidai kwamba kuhariri ni kusema uongo. Anayeongeza mwanga ili nakshi isomeke hamdhulumu mtu. Lakini ufa si nakshi. Chokaa ikishabambuka, mvua hupenya ndani ya mawe, boriti za mikoko huoza, na dari huwalemea waliolala chini yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Usiku ule sikuweza kuitazama picha yangu kama pambo.

Faili asilia ningali nayo. Nimeichapisha upya, pamoja na mita na kanga. Haipendezi sana, nakiri, na mke wangu bado anaitaka ile ya zamani.